UZI: Gari la rimoti la turingi kwenye lami ya Kampala: vumbi kwanza, mota baadaye

#1 Fundi Bombo

Salaam wakuu. Wiki hii vijana watatu wamenipigia simu na swali lilelile: "Fundi, ninunue mota gani ili gari likimbie?" Nimeona niandike hapa mara moja, kila mtu asome, na mwenye la kuongeza aongeze. Naandika Kiswahili kwa sababu kundi letu lina watu wa Bombo, Arua, Busia na Kisenyi, na tukishainamia gari pale maegeshoni hii ndiyo lugha inayotuunganisha wote.

Tunazungumzia magari ya turingi, yaani ya mbio za lami: umeme, kipimo cha 1/10, magurudumu yote manne yanavuta, upana wa kama milimita 190, tumbo likiwa juu ya lami kwa milimita chache tu. Ya kuruka matuta yana uzi wake. Wengi wetu tuna TT-02 ya kampuni ya Kijapani Tamiya, iliyotoka 2013, na wachache bado wana TT-01 iliyoitangulia. Ni magari ya bei ya chini katika daraja lake, lakini yakitunzwa yanashindana. Mimi langu lina miaka minne na chasisi ni ileile.

Nianze na kisa. Mwaka jana nilikuwa naongoza mbio zetu za Jumapili, zimebaki raundi tatu. Nikasikia sauti kama mtu anatafuna mchele mkavu. Gari likapunguza mwendo, mota ikawa inalia bila gari kusogea. Kulifungua nikakuta punje moja ya marramu, ndogo kuliko mbegu ya pilipili, imekwama kati ya piniani (giya ndogo ya kwenye mota) na giya kubwa. Meno sita ya giya kubwa yalikuwa yamenyolewa kabisa, mahali pake pamekuwa laini kama ukucha. Asubuhi ile nilikuwa nimebadilisha piniani, na kwa haraka niliacha kifuniko cha giya mezani nyumbani. Kifuniko chenyewe ni plastiki na skrubu chache. Mota yangu siku hiyo ilikuwa nzima, betri imejaa, matairi mapya. Yote hayo hayakunisaidia.

Tangu siku ile nimekuwa na msimamo mmoja, nao ndio huu uzi: kwa ardhi yetu, pesa yako ya kwanza na muda wako wa kwanza viende kwenye kuzuia vumbi na kuondoa msuguano. Mota ije mwisho. Wenzetu wa Ulaya na Japani wanakimbiza kwenye zulia la ndani au lami inayofagiliwa. Sisi kila upepo ukivuma unatuletea udongo mwekundu kutoka barabara ya pembeni, na msimu wa mvua ukiisha ule udongo unakauka kwenye lami ukawa kama unga.

#2 Fundi Bombo

Naendelea. Beringi.

TT-02 ukilinunua jipya kwenye boksi lina bushi za plastiki sehemu nyingi ambapo ingepaswa kuwa na beringi. Bushi ikiingiwa na vumbi inageuka msasa: inakula ekseli, tundu linapanuka, gurudumu linaanza kucheza. Shika gurudumu kwa vidole viwili ulitikise. Likicheza juu na chini, hakuna mpangilio wa kemba (mlalo wa gurudumu) wala alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) utakaokaa. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote nunua seti kamili ya beringi. Nyingi ni zile za milimita 5 ndani na 11 nje. Chagua zenye mfuniko wa raba. Zile za mfuniko wa bati huzunguka kwa wepesi zaidi ukizipuliza mkononi, na ndiyo maana watu huzipenda, lakini kwa vumbi letu hazimalizi mwezi.

Kuzisafisha: toa mfuniko wa raba kwa ncha ya sindano, taratibu, usiukunje. Loweka beringi kwenye chupa ndogo yenye spiriti, tikisa, mwaga, rudia mpaka spiriti itoke safi. Kausha. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja. Ukizidisha, mafuta yanatoka nje na kuita vumbi, umejirudishia kazi. Usitumie petroli ndani ya nyumba, nimeona mtu akiifanya karibu na sigiri na moyo ulinisimama.

Baada ya kila siku ya mbio mimi hufanya hivi: bodi natoa, brashi kavu ya rangi ya inchi moja napitisha kila kona, mswaki wa zamani kwenye mikono ya saspensheni na mipira ya tai rodi (vijiti vinavyogeuza magurudumu), kisha nafungua kifuniko cha giya natazama meno. Dakika ishirini. Sipulizi hewa ya kompresa moja kwa moja kwenye beringi wala kwenye mota kwa sababu ile presha inasukuma vumbi ndani badala ya kulitoa.

Jambo dogo ambalo limeharibu magari mengi kuliko ajali: bisibisi. Skrubu za Tamiya zenye msalaba ni za kipimo cha Kijapani, JIS. Bisibisi ya kawaida ya msalaba inaonekana kuingia lakini haikai sawasawa, inapanda juu na kula kichwa. Tafuta bisibisi ya JIS au badilisha skrubu zote ziwe za heksagoni. Na unaporudisha skrubu kwenye plastiki, izungushe kwanza kinyume polepole mpaka uisikie imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze. Hapo haitachimba njia mpya na tundu halitalegea.

#3 Kijana wa Arua

Shikamoo Fundi. Nakubali yote lakini nina shida ya papo hapo. Nimeweka brashilesi (mota isiyo na brashi) ya 10.5T, yaani mizunguko 10.5 ya waya, giya kubwa meno 68, piniani meno 27. Kwenye uwanja wetu mdogo dakika ya nne mota inanuka, na jana gari lilizima lenyewe likakataa kuondoka kwa dakika kumi. Rafiki yangu anasema ESC (kidhibiti mwendo cha mota) ni feki. Ninunue nyingine?

#4 Mpakani Busia

Weka feni mbili juu ya mota, kijana. Mimi nilifanya hivyo na sijaona tatizo tena.

#5 Fundi Bombo

Marahaba kijana wangu. Usinunue chochote bado. Mpakani, feni ni nzuri na mimi ninayo moja, lakini hapa itaficha ugonjwa.

Chukua karatasi tupige hesabu. Kwenye TT-02 uwiano wa ndani wa giya ni 2.6. Uwiano wote unaupata hivi: meno ya giya kubwa gawanya kwa meno ya piniani, zidisha kwa 2.6. Gari likitoka kiwandani lina giya kubwa ya 70 na piniani ya 22. 70 kwa 22 ni 3.18, mara 2.6 unapata 8.27. Maana yake mota inazunguka mara nane na zaidi kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja. Lako ni 68 kwa 27, yaani 2.52, mara 2.6 ni 6.55. Umeipa mota mzigo kama mtu anayepanda kilima cha Naguru kwa baiskeli akiwa kwenye giya ya tambarare. Kwenye uwanja mpana wenye njia ndefu ingeweza kupumua. Uwanja wenu ni kona baada ya kona, kila kona unaanza upya, na kila kuanza mota inavuta ampea nyingi. Joto linatoka hapo.

ESC yako kuzima ni kinga yake ya joto. Imefanya kazi yake.

Rudi 70 na 22. Angalia kitabu cha gari kuhusu matundu ya kufungia mota, kwa sababu kwenye TT-02 mahali mota inapokaa hutegemea meno ya piniani. Ukifunga tundu lisilo lake giya zitabana au zitaachana. Endesha dakika tatu, simama, gusa mota kwa kidole. Ukiweza kukishikilia kidole sekunde tatu nne bila kukitoa, uko salama. Ukikitoa haraka, punguza jino moja la piniani. Mwenye kipimajoto cha kuelekeza ajitahidi isipande zaidi ya nyuzi 80, kwa sababu sumaku ya rota (kiini kinachozunguka ndani ya mota) ikipata joto kupita kiasi inapoteza nguvu na haizirudishi hata ikipoa. Mota itazunguka lakini itakuwa dhaifu na itazidi kupata joto.

Na angalia kama umewasha taimingi ya ziada (kuwahisha umeme kwenye mota) kwenye ESC au umezungusha kifuniko cha nyuma cha mota. Taimingi inaongeza mwendo na inaongeza joto kwa pamoja. Anza na sifuri.

#6 Dada Lehemu

Habari za humu. Mimi niko Jinja, kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya umeme, na kwenye magari haya nimeingia kupitia mwanangu. Niongezee upande wa umeme kwa sababu naona watu wanaurukia.

Kijana wa Arua, kabla hujasema joto ni la giya peke yake, shika waya zako baada ya mbio. Ile plagi nyeupe ya plastiki inayokuja na gari ilitengenezwa kwa mota ndogo ya 540 na betri za zamani. Kwa 10.5T inapata moto mpaka plastiki inalainika. Ukiona rangi yake imegeuka kuwa ya manjano, ikate leo. Weka XT60 au plagi ya T. Lehemu yako iwe inang'aa na imeingia ndani ya nyuzi za waya. Ikionekana kama tonge la ugali lililokaa juu, hiyo haijashika: ongeza joto la pasi, pasha waya kwanza, lehemu iyeyukie kwenye waya wala siyo kwenye pasi.

Betri. LiPo (betri ya lithiamu) ya seli mbili ikijaa ni volti 8.4, yaani 4.2 kwa seli. Usiishushe chini ya 3.2 kwa seli, na hakikisha ESC umeiweka kwenye hali ya LiPo ili ikate yenyewe. Nimeletewa betri nne mwaka huu zimevimba kama chapati, zote wenyewe waliacha ESC kwenye hali ya NiMH, ile ya betri za zamani. Ya miliampea-saa 5000 chaji kwa ampea 5. Mkimaliza mbio na hamna mpango wa kukimbiza ndani ya wiki, ishusheni au ipandisheni ikae 3.8 kwa seli. Betri inayolala imejaa, kwa joto letu, inazeeka haraka.

Chajini juu ya sakafu ya saruji, betri ikiwa ndani ya sufuria kuukuu, ndoo ya mchanga karibu, mtu akiwepo. Siyo kitandani, siyo juu ya kochi, siyo usiku mkiwa mmelala. Nasema hivi kama mama.

Umeme ukikatika siku ya mbio: chaja nyingi za hobi zina waya wa kuingiza volti 12. Betri ya gari inatosha kabisa. Sisi huleta moja na tunachaji zamu kwa zamu.

#7 Mzee wa Kisekka

Vijana nawasoma kwa furaha. Mimi ni fundi wa magari makubwa, miaka thelathini soko la Kisekka. Mjukuu wangu ndiye ana haya madogo. Naomba niseme kuhusu alaimenti. Nimeona watoto wanaweka magurudumu ya mbele yametazama nje sana eti gari liingie kona kwa ukali. Gari kubwa ukifanya hivyo linakula tairi na linayumba barabarani. Kwenye haya madogo mnaruhusu?

#8 Fundi Bombo

Mzee wangu, karibu sana, ni heshima kwetu. Umegusa penyewe. Kwenye mbio za turingi mbele tunaweka tou ya nje (magurudumu kutazama nje) kidogo sana, nusu digrii hadi moja, kwa sababu inasaidia gari kuitikia usukani linapoanza kuingia kona. Zaidi ya hapo linayumba kama ulivyosema, na kwenye njia iliyonyooka linapoteza mwendo. Nyuma kinyume chake: magurudumu yanatazama ndani digrii 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayozuia mkia kukimbia unapokanyaga mafuta. Kemba, juu ya gurudumu kuinamia ndani, digrii 1.5 hadi 2 pande zote nne. TT-02 la kawaida halina njia ya kurekebisha kemba, inabidi ununue mikono ya juu inayorefuka. Kupima mimi natumia simu yenye programu ya mizani ya maji, nimeisimamisha kwenye kipande cha bati kilichonyooka kinachoegemea rimu.

Lakini hizo digrii hazina maana kama gari limepinda. Chasisi ya plastiki ikiachwa kwenye buti la gari juani inajikunja, na huoni kwa macho. Nina kigae kimoja kikubwa cha sakafu nilichobakiwa nacho nilipojenga, ndicho meza yangu ya vipimo. Weka gari juu yake, betri ndani, bodi nje. Chukua ncha ya kisu, iweke katikati kabisa ya mbele chini ya chasisi, inua polepole ukiwa umeinamisha macho sawa na kigae. Magurudumu mawili ya mbele yanatakiwa kuachana na kigae kwa pamoja. La kushoto likitangulia kunyanyuka, springi moja ina mzigo zaidi, au shoku moja imejaa mafuta kuliko nyingine, au umekaza skrubu za juu wakati gari limeshinikizwa upande mmoja. Legeza skrubu za sahani ya juu, bonyeza gari mara mbili tatu likae lenyewe, kaza tena kwa zamu kama unavyokaza nati za tairi. Rudia nyuma. Mara tatu kati ya nne, mtu anayelalamika kuwa gari lake linakata vizuri kulia na kushoto linagoma, tatizo liko hapa.

Kimo: kwenye zulia watu hukimbiza milimita 5. Lami yetu ina vijiwe, mimi naweka 6. Na sihitaji kipimo cha kununua. Keekee ya milimita 6, ile ya kutobolea, ikipita chini ya chasisi kwa kugusa kidogo, nimemaliza.

Shoku: zile za TT-02 la boksini hazina mafuta, ni plastiki inasuguana na plastiki. Hizo ndizo kitu cha pili kubadilisha baada ya beringi. Shoku za mafuta zinafanya gari likae chini linapopita kwenye kiraka cha lami. Mkizijaza, mimina mafuta, pandisha na kushusha pistoni polepole mpaka viputo viishe, acha zikae wima kwa nusu saa, kisha funga. Ukisikia "chwi chwi" ukizibonyeza bado kuna hewa.

#9 Kisenyi Turbo

Fundi umesahau matairi, na mimi nitakupinga kidogo: matairi yanakuja kabla ya shoku. Matairi ya boksini ni magumu. Kwenye lami yenye vumbi ni kama umevaa soksi kwenye sakafu ya vigae. Nilibadilisha matairi tu, raba laini yenye sponji ndani, na muda wangu wa raundi ukashuka sekunde nzima na zaidi. Shoku nilinunua miezi mitatu baadaye na sikuona tofauti kubwa kiasi hicho.

Na gundi! Msiendeshe tairi bila kuligundisha kwenye rimu. Osha rimu na ukingo wa tairi kwa spiriti kwanza, kisha supagluu nyembamba, robo moja kwa wakati, shika mpaka ishike, geuza upande. Tairi likitoka katikati ya kona linajizungushia ekseli.

#10 Fundi Bombo

Kisenyi, nakubali. Nilivyoandika nilikuwa nafikiria mtu anayeanza ambaye hata hajui gari lake linafanya nini, lakini kwa muda wa saa, matairi yanashinda shoku. Beringi, matairi, shoku. Nakubali hiyo.

Niongeze tu kuwa tairi laini kwenye lami ya saa saba mchana linaisha haraka. Sisi tuko karibu na ikweta, jua liko juu ya kichwa, lami inawaka. Mbio zetu tumezisogeza kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano, kisha tunarudi saa kumi. Seti moja inamaliza msimu badala ya wiki mbili.

#11 Mpakani Busia

Kuna kitu nilikiona kwenye video za wenzetu: wanamwagia uwanja maji ya sukari ili lami ishike. Je, ni kweli au maigizo?

#12 Dada Lehemu

Ni kweli, na sisi wa Jinja sukari tunaizalisha jirani pale Kakira, kwa hiyo tulijaribu. Tuliyeyusha sukari kwenye maji ya moto, tukainyunyizia kwa kopo la kumwagilia bustani kwenye njia ya mbio tu, tukasubiri ikauke. Gari lililokuwa linateleza likawa linakata kona kama liko kwenye reli. Lakini fagieni vumbi vizuri kabla, la sivyo mnatengeneza tope tamu. Ombeni ruhusa ya mwenye maegesho. Na mkimaliza osheni kwa maji mengi: siku ya kwanza hatukuosha, Jumatatu asubuhi mlinzi alikuta sisimizi na nyuki wametanda, akatupigia simu kwa hasira na alikuwa na haki. Tulikwenda na ndoo tukaosha wote, na tukamwomba radhi.

Chasisi nayo inabidi ifutwe kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, sukari ikikauka kwenye mipira ya usukani inabana.

#13 Mzee wa Kisekka

Swali la pili, na la difu (giya inayoruhusu magurudumu ya kushoto na kulia kuzunguka kwa kasi tofauti). Mjukuu anataka kuifunga difu ya nyuma kabisa kwa gundi. Nimemkataza mpaka nisikie kwenu. Gari kubwa la difu iliyofungwa kwenye lami linaburuza tairi.

#14 Fundi Bombo

Umemkataza vizuri, mzee. Nyuma ikifungwa kwenye lami gari linasukuma mbele likiingia kona, kisha ghafla mkia unatoka. Difu ya nyuma ya TT-02 iache iwe nyepesi, grisi ya kawaida kidogo. Ya mbele ndiyo tunayoikaza, kwa grisi nzito inayonata, ile kama ulimbo. Ukiwa umelishika gari hewani na kuzungusha gurudumu moja la mbele, lile lingine linazunguka kinyume kwa uzito, polepole. Hapo linavuta vizuri likitoka kona na haliparui. Zipo difu za hiari zinazojazwa mafuta ya silikoni, ni bora na hazibadiliki kila wiki, lakini grisi inatosha kujifunzia. Fungua kila baada ya mbio tano sita. Grisi ikiwa nyeusi na inang'aa kama ina unga wa fedha, giya zinalika, badilisha.

Propela ya katikati nayo ya TT-02 ni plastiki. Kwa mota ya kawaida inatosha. Kwa 10.5T ya kijana wetu inajinyonga kidogo na kutetemeka, hapo ya alumini ina faida.

#15 Kijana wa Arua

Narudi na taarifa. Nimerudisha 70 na 22, taimingi sifuri (ilikuwa imewekwa, sikujua). Plagi nyeupe nimeikata, ndani ilikuwa nyeusi. Dada Lehemu Mungu akubariki. Nimeendesha dakika nane mfululizo, kidole kinakaa kwenye mota.

Cha ajabu: mwendo wa mwisho umepungua, nauona kwa macho, lakini saa inaonyesha raundi zangu zimekuwa fupi. Kabla ya hapo nilikuwa sekunde 21 na vipande, sasa 19 na nusu, na zinafanana raundi baada ya raundi.

Ila gari linakwenda kushoto lenyewe nikiachia usukani. Nimenyoosha kwa kitufe cha rimoti mpaka mwisho.

#16 Fundi Bombo

Kijana, hongera, hizo raundi zinazofanana ndizo ninazozipenda mimi.

Usinyooshe kwa kitufe. Rudisha kitufe katikati kabisa. Washa rimoti, washa gari, toa mkono wa sevo (mota ndogo inayogeuza usukani), urudishe ukiwa umesimama wima kadiri meno yanavyoruhusu, kisha nyoosha magurudumu kwa kurefusha au kufupisha tai rodi. Kitufe kikiwa mwishoni, upande mmoja usukani wako unakata zaidi ya mwingine na sevo inasukuma ukuta, inavuta umeme na kupata moto. Baada ya hapo weka kikomo cha usukani kwenye rimoti: geuza mpaka mwisho, punguza mpaka sevo iache kulia.

Kama bado linavuta kushoto, nenda kwenye kigae na kisu.

#17 Kisenyi Turbo

Bodi yangu imepasuka kwenye tao la gurudumu la mbele. Bodi mpya ghali. Mnafanyaje?

#18 Fundi Bombo

Toboa tundu dogo mwisho wa ufa, ufa usiendelee. Osha ndani kwa sabuni, kausha. Kata kipande cha wavu wa nyuzi, ule wa mafundi wa jipsamu wa kuzibia maungio, ubandike kwa ndani, kisha paka gundi ya viatu ya raba inayobaki laini ikikauka. Usitumie supagluu pale: inakauka ngumu na kupasuka upya ukigonga ukuta. Yangu ina viraka vitano.

Ukipaka rangi bodi mpya, rangi inapakwa ndani, na iwe ya polikaboneti. Rangi ya kopo ya magari inabanduka vipande vipande siku ya kwanza ukigonga.

#19 Mpakani Busia

Mjomba wangu anarudi kutoka Dubai mwezi ujao, nataka aniletee betri mbili za 5000. Kampuni ya mizigo imekataa kuzisafirisha. Atapita nazo uwanja wa ndege?

#20 Dada Lehemu

Atapita akizibeba kwenye begi la mkononi, siyo kwenye sanduku linaloingia chini. Kikomo cha kawaida cha ndege ni saa-wati 100 kwa betri moja. Yako ni volti 7.4 mara ampea-saa 5, sawa na saa-wati 37, uko mbali na kikomo. Mwambie azishushe chaji zisiwe zimejaa, ncha za waya azifunge kwa selotepu, kila moja kwenye mfuko wake. Akague pia masharti ya shirika lake la ndege kabla ya siku ya safari, mengine yana idadi yao. Na maandishi ya volti na miliampea-saa kwenye betri yasifutike, ndiyo atakayoonyesha akiulizwa.

#21 Kijana wa Arua

Fundi, nimefanya la sevo. Lilikuwa meno mawili pembeni. Kwenye kigae gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linatangulia kunyanyuka, nikalegeza sahani ya juu na kuikaza upya kwa zamu. Sasa yanapanda pamoja, na gari linakwenda limenyooka nikiachia mikono. Kifuniko cha giya kipo, nimekifunga kwa skrubu zote.

Nakuja Kampala Jumamosi kwa basi la usiku. Nitafika na keekee yangu ya milimita 6.

#22 Fundi Bombo

Karibu sana. Njoo saa mbili tufagie uwanja kabla wengine hawajafika. Kigae nitakuja nacho.